Mtungi Uliooshwa Mara Saba

Mgao wa maji ulipozidi mtaani kwetu, mama watoto alinituma sokoni ninunue mtungi mwingine wa lita 20. Miwili tuliyokuwa nayo haikutosha tena. Maji yalikuwa yakija siku moja kwa juma, tena usiku wa manane, na asiyekuwa na pa kuyatia aliamka asubuhi akiukodolea macho mfereji mkavu kama mtu anayemtazama mdeni wake.

Mchuuzi niliyemwendea alikuwa ameipanga mitungi yake kama askari wa gwaride: ya manjano, ya samawati, na michache myeupe. Mipya ilikuwa ghali kwa mfuko wangu. Iliyokwisha kutumika ilikuwa nusu ya bei. Niliunusa mmoja, nikasikia harufu ya mbali ya mafuta ya taa. "Hiyo ni harufu tu, mzee," akaniambia. "Ukifika nyumbani osha na sabuni, kesho hutaisikia." Nilipoupindua nikaona kwenye kitako ile alama ya pembetatu yenye nambari 2 ndani yake. Nikajiona msomi, nikalipa, nikaubeba.

Tuliuosha kwa sabuni ya unga. Tukauosha kwa majivu. Tukatia changarawe na maji moto tukautikisa hadi mikono ikachoka. Tukatia ndimu. Tukauanika juani kutwa nzima ukiwa wazi. Nilihesabu mara saba, na mara ya saba niliponusa sikusikia kitu, nikatangaza mtungi umetakata.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuja kutujulia hali. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alipiga funda moja la chai, akakiweka kikombe chini polepole, akaniangalia. "Baba," akasema kwa upole, "kumbe mlirudia stovu?" Mama watoto naye akaniangalia. Watoto wakaangalia dari. Stovu tuliiaga kitambo. Kwetu kunapikwa kwa gesi. Mafuta ya taa hayakuwa jikoni, yalikuwa ndani ya chai.

Basi, ndugu msomaji, safu ya leo imezaliwa katika kikombe hicho. Nilitaka kujua ni vipi chombo kilichooshwa mara saba kinaweza kuendelea kutoa kitu ambacho hakimo ndani yake. Jibu ni kwamba kilikuwemo, ila hakikuwa mahali tulipokuwa tukisugua.

Kwanza nianze na jina, maana kitu hiki tumekipa majina ya kuazima matupu. Hapa Nairobi mfuko wa plastiki tunauita karatasi, ilhali karatasi hutokana na miti. Watangazaji wetu huuita mfuko wa sandarusi, lakini sandarusi ni utomvu wa mti uliokauka ukawa mgumu, ambao wafanyabiashara wa pwani yetu waliuuza ng'ambo tangu zamani ukatengenezewe vanishi. Wazee husema nailoni, nayo nailoni ni plastiki ya ukoo mwingine, ile ya soksi na nyavu za wavuvi. Jina lake hasa ni polithini, yaani ethilini nyingi zilizounganishwa pamoja.

Ethilini yenyewe unaijua hata kama hujapata kulisikia jina lake. Ni gesi. Ndizi inapoiva huitoa, na ndiyo sababu ukifungia ndizi mbichi pamoja na moja iliyoiva, zile mbichi nazo huharakisha kuiva. Mama zetu waliozifukia ndizi shimoni na kuzifunika kwa majani walikuwa wakiifungia gesi hiyo isitoroke. Viwanda havikamui ndizi, bila shaka. Vyenyewe huipata ethilini kutoka kwa mafuta ya petroli na gesi asilia. Naomba ulikumbuke jambo hilo la petroli, kwa sababu ndilo lililoniharibia chai.

Polithini haikutafutwa, iliokotwa. Mnamo Machi 1933, wanakemia wawili wa kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walikuwa wakiibana ethilini pamoja na kemikali nyingine kwa kani iliyozidi mara 1,000 ile ya hewa tunayovuta. Walitarajia kitu kingine kabisa. Walipokifungua chombo chao wakakuta chembe nyeupe zinazoteleza kama nta ya mshumaa. Walipojaribu kurudia, mambo yakaenda kombo, ukatokea hata mlipuko, na kazi ikasimamishwa. Mwaka wa 1935 ndipo wenzao walipofaulu tena, na baadaye ikagunduliwa kwamba siri ilikuwa ni oksijeni kidogo tu iliyopenya bila kualikwa. Kiwanda kilianza kuitengeneza mwaka wa 1939. Kazi yake kubwa ya kwanza haikuwa kufungia mkate bali kufunika nyaya za rada wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Hiyo ilikuwa polithini laini. Ile ngumu, ambayo ndiyo mtungi wangu, ilikuja katika miaka ya hamsini. Mjerumani Karl Ziegler alionyesha mwaka wa 1953 kwamba ethilini inaweza kuunganishwa bila kubanwa kwa nguvu za ajabu, ukiitilia kichocheo kinachofaa. Muda mfupi baadaye Mwitaliano Giulio Natta akatumia njia hiyo kuunda polipropilini, ile inayofumwa magunia ya mahindi na sukari. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1963. Na ule mfuko wenye mikono miwili uliokuwa ukining'inia katika kila duka ulibuniwa na Msweden, Sten Gustaf Thulin, na kampuni yake ikapata hataza nchini Marekani mwaka wa 1965.

Sasa tuingie ndani ya ukuta wa mtungi. Ukiweza kuuona kwa jicho kali kuliko darubini zote za shuleni, hutaona ukuta kama wa saruji. Utaona nyuzi ndefu mno zilizojikunja na kupishana, mfano wa katani iliyotupwa rundo. Katika polithini laini nyuzi hizo zina vijitawi vingi, hivyo hazilaliani vizuri. Katika polithini ngumu nyuzi ni nyoofu zaidi, zimelaliana kama kuni zilizopangwa, lakini bado kuna nafasi ndogo ndogo katikati.

Maji hayapiti hapo. Si kwamba nafasi ni ndogo mno kwa maji, la. Maji na polithini hawaelewani. Chembe za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na nyuzi hizo hazina la kuzivutia. Mafuta ya taa ni kinyume chake. Yeye na polithini ni watoto wa baba mmoja, petroli, na umbo la chembe zake ni kama la vipande vifupi vya nyuzi zile zile. Akifika ukutani hahesabiwi kuwa mgeni. Huingia, akajipenyeza kati ya nyuzi, akakaa.

Kwa hivyo mtungi uliobeba mafuta ya taa kwa miezi kadhaa huwa umeyanywa. Sabuni, majivu na changarawe vyote hufanya kazi juu ya uso wa ukuta, ilhali mafuta yako ndani ya unene wake. Ukishamaliza kuosha, uso unakuwa safi na pua yako inaridhika. Kisha unajaza maji, unafunika, unaenda kulala, na usiku kucha mafuta yanarudi polepole kutoka ukutani. Jua lingeyafukuza kwa muda mrefu, lakini mimi nililipa siku moja tu.

Na ile nambari 2 iliyonidanganya? Alama hizo zilianzishwa Marekani mwaka wa 1988 ili kuwasaidia wanaokusanya na kuyeyusha plastiki kujua aina moja na nyingine. Nambari 1 ni plastiki ya chupa za soda na maji. Mbili ni polithini ngumu, 4 ni laini, 5 ni polipropilini. Zinakuambia chombo kilitengenezwa kwa nini. Hazikuambii kilibeba nini, kama vile kitambulisho cha mtu kisivyoeleza alikolala jana.

Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Mafuta ya taa angalau yana harufu ya kujitangaza. Dawa nyingi za kuua wadudu shambani nazo huja katika vyombo vya polithini ngumu, na si zote zinazonuka. Mashirika ya FAO na WHO yamekuwa yakiwahimiza wakulima wavisuuze vyombo vya dawa mara tatu dawa inapokwisha, maji hayo yamwagwe ndani ya bomba la kunyunyizia ili yatumike shambani, kisha chombo kitobolewe kisiweze kubeba tena maji wala chakula. Neno la kushika hapo ni kutobolewa. Ingekuwa kuosha kunatosha, nani angejisumbua kutafuta msumari? Lakini chombo kikubwa kisichotobolewa kina bei, na kitu chenye bei hakikosi njia ya kufika sokoni. Sikumuuliza mchuuzi mtungi wake ulitoka wapi, na nadhani hata yeye hakumuuliza aliyemuuzia.

Udugu huu wa polithini na vitu vyenye mafuta umewahi kukufikia hata kama hununui mitungi ya mkono wa pili. Je, hujapata kula mkate unaonukia sabuni? Wengi humshuku mwokaji, kumbe kosa liko dukani. Manukato ya sabuni hupita katika karatasi laini ya mkate jinsi harufu ya samaki ipitavyo chini ya mlango. Mwenye duka akipanga mikate rafu moja na miche ya sabuni, siku mbili zinatosha. Unga uliofungwa kwa plastiki ukikaa karibu na pipa la mafuta ya taa hupatwa na yayo hayo. Siku hizi mimi huangalia jirani ya mkate kabla ya kuangalia tarehe.

Viwanda vinayajua haya yote, na ndiyo sababu pakiti haziko sawa. Majani ya chai ya bei huwekewa utando wa kung'aa wa alumini ili harufu yake isitoke na nyingine isiingie. Viazi vya kukaanga vya pakiti huvalishwa fedha kwa ndani ili hewa na mwanga visiyachachushe mafuta yake. Chana ile pakiti ya plastiki ya maziwa yanayodumu bila friji, na aghalabu utaona ni nyeusi kwa ndani. Mwanga huharibu ladha ya maziwa, na weusi huo ni pazia.

Soda nayo ilikuwa na kesi yake. Nathaniel Wyeth, mhandisi wa kampuni ya DuPont huko Marekani, aliwahi kujaza soda ya tangawizi katika chupa ya plastiki iliyokuwa ya sabuni, akaitia frijini. Alipoirudia aliikuta imevimba. Alihangaika hadi akapata plastiki nyingine, hiyo ya nambari 1, na njia ya kuivuta kwa urefu na kwa upana inapoumbwa, ili nyuzi zake zijipange na kushikana. Hataza yake ilitolewa mwaka wa 1973. Kwa hivyo chupa ile nyepesi unayoikanyaga njiani ina akili nyingi ndani yake. Lakini ilibuniwa kwa kinywaji baridi. Huanza kulegea joto likifika karibu nyuzi 75, na mwanafunzi anayeijazia chai ya kuchemka asubuhi huiona ikijikunyata mkononi mwake.

Wanafunzi wanaweza kujaribu jambo moja leo bila maabara. Kata kipande cha chupa ya soda na kipande cha kifuniko chake, uvitie vyote katika bakuli la maji na kuvizamisha kwa kidole. Kifuniko kitaelea, maana ni polithini ngumu au polipropilini, nyepesi kuliko maji. Kipande cha chupa kitazama. Wanaorejeleza plastiki hutenganisha marundo yao kwa mbinu hiyo hiyo. Kwa sikio pia unaweza kujua: polithini laini, kama ile ya mkate, ni tulivu na huvutika, ile ngumu ikiwa nyembamba hupiga kelele ikikunjwa. Wezi wa biskuti usiku wanaelewa.

Kelele hizo tulizizoea hadi tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilipoanza kutekelezwa humu nchini, kwa tishio la faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Serikali ilikuwa imejaribu mwaka wa 2007 na tena 2011 kuzuia ile myembamba, bila mafanikio. Mimi niliiunga mkono marufuku hiyo na ningali naiunga. Mitaro ya mtaa wetu haijawa safi, lakini ule ua wa miiba uliokuwa umechanua mifuko ya rangi zote sasa ni miiba tu.

Ila marufuku hayo yaliacha pakiti za viwandani, na kwa kuwa hatuna tena mfuko wa bure, kila chombo cha plastiki kinachoingia nyumbani sasa kinapewa kazi ya pili na ya tatu. Tunabeba chupa ya soda hadi kwenye mashine ya maziwa. Tunabeba nyingine kwa mafuta ya kupima. Mkebe wa siagi unakuwa wa chumvi. Sitamcheka mtu kwa hilo, kwani mimi mwenyewe nililelewa na mama aliyefua karatasi za mkate na kuzianika kwenye kamba. Ninachosema ni kwamba kazi ya pili isiwe kinyume cha ile ya kwanza. Chupa ya maji kuwa ya maziwa baridi, ikisafishwa vizuri, ni sawa. Chupa ya soda kuwa ya mafuta ya taa ni kumtegea mtoto, kwa sababu mtoto husoma umbo la chupa na wala si yaliyomo.

Jambo jingine limo ndani ya sufuria. Nyumba nyingi hufunika wali au githeri kwa karatasi ya plastiki chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Polithini laini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 110 hivi, na mvuke una nyuzi 100. Huo si umbali wa kujivunia. Ukingo wa sufuria ukizidi moto kidogo, karatasi inaganda hapo, na wino wa jina la mkate unatazamana na chakula chako. Binti yangu aliye shule ya upili alinieleza hesabu hii mbele ya mama yake, nami nilikaa kimya kwa sababu siku hiyo sikuwa na sifa jikoni. Sasa tunatumia jani la mgomba likipatikana, na lisipopatikana tunaweka sahani nzito juu ya mfuniko. Kuhusu kuwashia jiko la makaa kwa plastiki sitasema mengi, maana moshi ule mweusi unajieleza, na vipande vya bomba au ngozi bandia vikichanganyika humo hutoa gesi kali zaidi.

Nisije nikaonekana ninaichukia polithini. Wenye mashamba huko nyumbani wanayajua yale magunia yenye mifuko miwili ya ndani, yaliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue mwishoni mwa miaka ya themanini kwa ajili ya kunde za Cameroon. Mifuko hiyo ni polithini ngumu ya unene wa mikroni 80, na gunia la nje ni la polipropilini. Hewa hupenya polithini nyembamba, kwa hivyo wao waliinenepesha na kuirudufu, kisha wakaifunga kabisa. Dumuzi walio ndani humaliza oksijeni yao wenyewe na kufa, bila dawa hata chembe. Kuna sharti moja tu: mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13 hivi. Ukifungia mahindi mabichi humo umefunga na maji, na ukungu haukawii. Tuliona mwaka wa 2004 huko Makueni na Kitui, ambako mahindi yaliyovuna sumu ya ukungu kwa kuhifadhiwa yakiwa na unyevu yaliua watu 125.

Mtungi wangu nao ungalipo. Mwenye kuupaka rangi nyekundu ni mama watoto, na kwa rangi hiyo hiyo akaandika ubavuni: SI WA KUNYWA. Maji yake ni ya msalani. Nilirudi sokoni nikanunua mpya kwa ile bei niliyoikimbia, nikampita mchuuzi wangu wa kwanza bila kumsalimu, ingawa najua harufu niliisikia mwenyewe.

Mama mkwe alikuja tena majuzi. Tulimpikia chai kwa maji ya mtungi mpya, maziwa mengi, tangawizi na iliki. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akakisogeza puani, akakishikilia hapo kwa muda, kisha akanywa.